Vipepeo Kunguru wa Puang Sanneng

Bi Wigati, mtafiti wa vipepeo, alitoka makumbusho ya Java kuja kwetu Bantimurung kwa siku kumi. Alikaa thelathini na nane, na sababu ni mama mkwe wangu, Puang Sanneng; Puang kwetu ni jina la heshima.

Mama mkwe amekamata vipepeo karibu na maporomoko ya maji tangu alipokuwa msichana. Wale weusi tuwaitao kunguru ndio wake hasa. Ukimbana kunguru kifuani kwa vidole hafi. Ukimwachia anajikung'uta na kuondoka. Ndege nao hawamli, maana ni mchungu. Mama mkwe alikuwa amewapanga kwenye masanduku ya kioo, kila aina na safu yake.

Bi Wigati aliinama juu ya masanduku hayo asubuhi nzima, kioo cha kukuzia jichoni.

"Puang, kunguru wa hapa ni aina kumi na moja," alisema.

"Tisa."

"Huyu wa mistari myeupe na huyu wa rangi ya samawati umewaweka safu moja."

"Ni mtu na mkewe hao. Unawatenganisha bila talaka?"

Nilicheka hadi nikamwaga kahawa. Bi Wigati naye alicheka, lakini hakukubali. Akaonyesha safu nyingine, yenye wadogo na wakubwa wa madoa.

"Na hawa je?"

"Hao ni wamoja. Wakubwa wamezaliwa masika, wameshiba. Hata Marwah hapa alikuwa mwembamba kabla hajaolewa."

"Mama!" nikasema.

"Nasema uongo?"

Wakakubaliana kwamba vipepeo wenyewe ndio watoe ushahidi. Tulikamata majike: wa mistari, mdogo wa madoa na mkubwa wa madoa. Kila mmoja tulimtia kwenye chandarua chake pamoja na matawi ya mti ambao mama mkwe alikuwa amewaona kunguru wa namna yake wakiutagia. Baada ya siku chache mayai yakaanguliwa. Bi Wigati alipiga simu kazini kuomba ruhusa zaidi, na mama mkwe akawa mlezi. Kila alfajiri, akishaswali, alibadilisha majani na kuwasemesha viwavi: "Kuleni, wajukuu zangu, mnitetee."

Ijumaa moja Bi Wigati alikwenda Makassar kutafuta dawa ya kuhifadhia. Aliporudi alimkuta mama mkwe kimya, na kimya chake kikaendelea hadi Jumapili. Hata barongko nilizompikia, ndizi laini ndani ya jani kama apendavyo, hakuzigusa. Nilidhani ni mgonjwa. Kumbe alikuwa amehesabu pembe. Viwavi wa mdogo wa madoa walikuwa na pembe laini jozi tatu. Wa yule mkubwa, jozi nne. Aliyajua hayo peke yake, na vyandarua vilikuwa mikononi mwake. Angetaka, angewachanganya wale viwavi na hakuna ambaye angejua.

Jumapili jioni aliita, "Mwalimu, njoo."

Bi Wigati akaja mbio, mikono ina sabuni.

"Hesabu hapa. Sasa hesabu na hapa."

Bi Wigati alihesabu, akamtazama.

"Puang, hizi ni aina mbili."

"Nina macho. Miaka arobaini nimewalaza kitanda kimoja watu wasiojuana." Kisha akanigeukia. "Marwah, zile barongko zimebaki?"

Alikula nne.

Siku tisa baadaye maganda ambamo viwavi wa yule wa mistari walikuwa wamejifungia, yaking'aa kama vifungo vya dhahabu, yalianza kupasuka. Kipepeo wa kwanza alitoka na mistari myeupe. Wa pili naye vivyo hivyo, na Bi Wigati akaanza kutabasamu. Wa tatu alikunjua mbawa taratibu, zikakauka, jua likazipiga: samawati tupu, bila mstari hata mmoja.

Mama mkwe alipiga kigelegele kilichowatoa majirani nje. "Mama mmoja! Tumbo moja! Waandikie huko Java!"

"Nitaandika, Puang. Aina kumi, na jina lako lipo."

Mchana ule Bi Wigati alitandaza ramani sakafuni, akatuonyesha nukta zake. Kunguru walianzia Shelisheli na Morisi, wakapita Uhindi, wakasongamana visiwani kwetu, wakaendelea hadi Fiji na Samoa. Mama mkwe, ambaye hajawahi kuvuka hata Makassar, alipiga magoti akazifuata nukta zote kwa kidole, moja moja, bila haraka.

"Wana ukoo mkubwa hivi," alisema, "na sijawahi kusikia wakijisifu."

Kisha akainuka, akafungua sanduku la wale weupe wakubwa wanaoelea msituni kama karatasi.

"Haya, mwalimu. Hawa unasema aina ngapi?"

Bi Wigati alinitazama mimi kwanza. "Puang aanze," akasema, akavuta kigoda.