Mvua Ikinyesha, Choo Kinatapika

Mvua ikinyesha, choo cha Mama Régine kinatapika. Avenue nzima inajua, na asiyejua ameshaambiwa na Myriam, jirani wa nyumba za juu mteremkoni.

"Ni mafuta yake ya samaki!" Myriam alitangaza kila palipo na masikio. "Anamwanga mu bomba, bomba inafunga, njo maana tunanuka bote."

Régine ana mgahawa uani: meza mbili ndefu, bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa kukaanga na kelele. Madereva wa mgodi wa Kinsevere wanakula hapo na kuacha habari za mji mzima. Nyumba tupu inampa homa. Sasa chef wa avenue, mkuu wa mtaa, alikuwa amesema wazi: chanzo kikiwa masufuria yake, mgahawa unafungwa.

Donat, fundi wa mabomba ya maji machafu aliyeitwa kutafuta chanzo, alipofika, hakutazama hata sufuria moja. Alifunua mashimo ya bomba kuu la camp, mtaa uliojengewa wafanyakazi wa mgodi zamani, akatega vipimo vitatu: kimoja mwanzo wa mteremko, juu ya nyumba zote, kimoja chini kidogo ya kwa Myriam, kimoja mbele ya kwa Régine.

"Hii inapima mayi yenye inapita," alieleza. "Sasa omba mvula, mama."

"Miye niombe mvula? Papa Donat, mvula njo adui yangu!"

"Omba tu."

Siku za jua vipimo vilisimulia maisha ya watu. Asubuhi watu wanaoga, maji yanapanda, mchana yanatulia, jioni masufuria yanaoshwa, yanapanda tena. Hayakukwama popote. Kisha Jumamosi moja mvua ikapiga mabati hadi wateja wakaacha kubishana juu ya mpira. Choo kikatapika. Régine akashika kichwa.

Mvua ilipokatika, Donat alikaa mezani na simu yake, watu wamemzunguka, Myriam mbele kabisa.

"Angalia. Kipimo ya juu iko kimya. Ya katikati, mvula inaanza tu, mayi inaruka. Mvula inaisha, inashuka palepale."

"Sema Kiswahili ya bantu," Régine akamwambia, roho mkononi.

"Kama ni mafuta, ingefunga hata siku ya jua. Kama ni bomba ya kupasuka, mayi ya mu udongo ingeendelea kuingia polepole, hata mvula ikiisha. Hapa kuko tundu wazi, mayi ya uwanja ya muntu inaingia nzima nzima. Tundu iko kati ya kipimo ya juu na ya katikati. Bomba inajaa, inatokea kwako sababu weye uko chini."

Myriam akacheka. "Basi tafuta kwa bengine! Kwangu mayi haisimamaka. Toka kilio ya Papa Zéphirin uwanja yangu iko mukavu kama..."

Akageuka kutazama upande wa kwake.

Kilio! Wote walikuwepo msibani. Baba mkwe wa Myriam alipofariki, mvua ilifurika chini ya turubai, na watu wa kilio wanalala palepale uani mpaka maziko. Wanaume, Edouard mume wa Myriam mbele, walichimba mfereji, wakavunja mfuniko wa bomba la choo, maji yote yakazama. Walishangiliwa kama wafunga goli. Régine mwenyewe alisonga bukari ya kilio pale, miguu mikavu, akawabariki. Maziko yakapita, turubai likarudishwa, tundu likasahauliwa.

Waliondoka kwa msafara. Chini ya ubao wa kufulia wa Myriam, tundu lilikuwa wazi, likinywa matone ya mwisho.

"Nani alifanya hii?" Donat akauliza.

"Siye bote," alijibu Edouard, jembe tayari mkononi.

Régine alijibwaga juu ya ndoo iliyopinduliwa, akacheka hadi machozi.

"Yaya, dada yangu, utanisamehe?" Myriam alinong'ona.

"Twende ukule kwanza. Nani anakulaka samaki yangu kupita weye?"

Tundu likazibwa kwa saruji, maji yakachimbiwa mfereji hadi kando ya barabara. Mvua iliyofuata, Régine alisimama mlangoni mwa choo na ufagio, akasikiliza. Akasikiliza tena.

"Iko kimya!" akapiga kelele, na meza zote mbili zikapiga makofi.

Myriam akaingia mbio, ndala mkononi. "Mutaro bado haijashika muzuri, uwanja yangu iko matope!"

"Kuya ukae huku," Régine akamsogezea kiti. "Kwangu kuko mukavu."