Nzilani Wawili, Mtihani Mmoja

Dada yangu Yvonne alitutumia ujumbe Jumapili tukitoka kanisani. Jumanne, saa nne asubuhi kwa saa zetu, mwalimu wake wa Kichina angetupigia simu ya video atuone sote. Ulikuwa mtihani wake wa mwisho. Angesimama mbele ya darasa huko China, achore mti wa familia yake ubaoni na kueleza kwa Kichina nani ni nani, kisha sisi tuulizwe maswali ili mwalimu ajue kwamba mti ule si wa kubuni. Akipata alama themanini, angebaki huko mwaka mzima kusoma. Akipata sabini na tisa, wiki sita za kozi yake, baada ya miaka miwili ya kusoma Kichina huku kwetu, zingekuwa zimekwisha, na Ijumaa angepanda ndege arudi Kathonzweni kupura ndengu pamoja nasi.

"Na tafadhali," aliandika mwishoni, "siku hiyo muwe watu wa kawaida."

Sisi ni watu wa kawaida. Hiyo ndiyo ilikuwa shida.

Jina kamili la dada yangu ni Yvonne Nzilani. Hilo Nzilani ni la mama yake Baba, ambaye sisi wajukuu tunamwita Susu. Kwa hivyo Baba, tangu Yvonne akiwa amefungwa ndani ya shali, humwita Mwaitu, yaani mama yangu. Kaka yetu Ndeti, mwenye miaka ishirini na saba, ndevu nyingi na pikipiki ya boda boda, alipewa jina la marehemu babu. Kwa hivyo Susu humwita mume wangu, tena mbele za watu, na humdai sukari kila mwisho wa wiki. Ndeti alipoleta msichana nyumbani mwaka jana, Susu alikataa kula siku nzima. Mimi, Mutindi, nina jina la mama yake Mama, na ndiyo sababu Mama hawezi kunituma dukani bila kwanza kuniuliza kama nimechoka.

Hapa kwetu hakuna anayeshangaa. Lakini Yvonne alikuwa ametueleza kwamba Kichina kina neno lake kwa kila ndugu: kaka mkubwa lake, dada mdogo lake, nyanya wa upande wa baba lake, wa upande wa mama lake. Ukimwita mtu kwa neno lisilo lake, umekosa jibu.

Jumapili hiyo hiyo jioni nilipigiwa na Wariara. Yeye na Yvonne wako darasa moja huko, ingawa kwao ni Kambu, ambapo babake, Kinyanjui, anauza matairi kando ya barabara ya Mombasa. Mtihani wake alikuwa ameshaufanya.

"Nilipata tisini," alisema. "Nisikize, Mutindi. Nyanya yetu, Cucu, tulimwacha ndani na redio yake. Nikachora baba, mama, kaka wawili, nikakaa chini."

"Na wewe si una jina la huyo huyo Cucu?"

"Ninalo. Na yeye huniita rafiki yake wa rika. Sasa hayo nimweleze Mchina kwa dakika ishirini? Mtihani si mahali pa kusimulia ukoo. Mfungieni Susu."

Nilimpelekea Baba maneno hayo. Baba ni shemasi wa kanisa na huiendesha nyumba yetu kama kamati. Alifikiri kidogo, akasema Susu angeenda Kiboko kumsalimia Shangazi Kaveke, kuanzia Jumatatu mpaka Jumatano.

"Kaveke amekuwa mgonjwa?" Susu aliuliza.

"Hapana, Mwaitu. Ni kumsalimia tu."

"Nitamsalimia Alhamisi. Jumanne nina mtihani."

"Mtihani ni wa Yvonne."

"Ni nani Yvonne?" Susu aliuliza. "Mimi ninajua Nzilani. Nzilani yuko China anasoma, na Nzilani yuko hapa anakunywa chai. Sasa wewe unataka kumpeleka Nzilani Kiboko siku ya mtihani wake?"

Susu alizaliwa Ikutha, upande wa Kitui, na huzungumza polepole, kila neno likitua kabla ya jingine kuondoka. Ukibishana naye unachoka wewe. Baba alichoka, akaamua kwamba badala ya kumficha, tutafanya mazoezi.

Jumatatu mchana tulipanga viti kando ya tangi la maji, mahali pekee uani ambapo mtandao haukatiki. Baba alivaa miwani ya kusomea akajifanya mwalimu. Mkononi alikuwa na karatasi ya majina ya Kichina aliyotutumia Yvonne, na alifurahi sana alipoona kwamba baba, kwa Kichina, ni baba. Alilisoma neno hilo mara tatu kama mtu aliyekuta jina lake gazetini.

"Wewe," alimwambia Ndeti, "ni nani kwa Yvonne?"

"Mimi ni gege. Kaka mkubwa."

"Vizuri. Na huyu mama mzee ni nani kwako?"

"Nyanya yangu."

Susu alimgeukia polepole. "Tangu lini?"

"Susu, ni mazoezi tu."

"Mwanamume huanza hivi hivi. Leo mimi ni nyanya, kesho unaleta yule msichana wa mjini Wote alale jikoni kwangu."

"Buda, mimi siwezi hii kazi," Ndeti alimwambia Baba.

Baba aliinua karatasi. "Mwaitu, sikiliza. Kwa Kichina wewe unaitwa nainai. Ukiulizwa, sema: mimi ni nainai."

"Mimi sitaitwa nainai. Nina jina langu, na jina lenyewe liko China sasa hivi likisoma."

Tulirudia mara saba. Mara ya saba Susu alikubali jambo moja tu: atakaa kimya. Baba alisema hiyo inatosha. Kisha akatupa onyo sote: kwa dakika ishirini za Jumanne, hakuna Mwaitu, hakuna mume wangu, hakuna mchezo. Atakayeteleza atampuria Yvonne ndengu zake msimu mzima.

Jumanne tulikuwa tangini saa tatu na nusu. Mama alikuwa amevaa nguo ya kwaya. Ndeti alikuwa amechana ndevu. Susu alikaa mwisho wa mstari na fimbo yake, midomo imefungwa kama aliyemeza dawa chungu. Mimi ndiye niliyeshika simu.

Ilipoita, tulimwona Yvonne amesimama mbele ya ubao, shati jeupe, uso mwembamba kuliko alivyoondoka. Nyuma yake mti ulikuwa umechorwa vizuri, matawi yamenyooka. Kando yake alisimama Mwalimu Lin, mwanamke mfupi mwenye kalamu nyekundu. Alitabasamu, akatupungia mkono. Yvonne alisema maneno yake ya kukariri bila kukwama, akionyesha tawi moja moja. Hatukuelewa kitu, lakini tuliona mwalimu akiweka alama za vema kwenye karatasi yake.

Kisha Yvonne alitugeukia. "Mwalimu anasema Baba amsalimie binti yake."

Baba alisimama, akafunga kifungo cha koti. Wiki sita alikuwa hajamwona isipokuwa kwenye picha. Akaisogelea simu, akamtazama.

"Mwaitu," akasema, "mbona umekonda hivi? Wanakupa chakula?"

Sote tulimgeukia. Baba mwenyewe alikuwa wa mwisho kugundua, akafunika mdomo kwa mkono.

Mwalimu Lin aliuliza jambo. Yvonne alimjibu neno moja. Mwalimu akautazama mti ubaoni, akamtazama Baba na mvi zake, akauliza tena.

"Anauliza kwa nini baba yangu ananiita mama," Yvonne alitutafsiria kwa sauti ndogo.

Nilidhani angesema ni utani. Nilimwona akiufikiria huo uongo. Tulilala chumba kimoja miaka kumi na minane, namjua akitaka kudanganya hukuna shingo. Alikuna shingo. Mwisho wa mstari wetu, Susu akagonga fimbo chini.

"Kimya changu kimeisha," alisema. "Yeye ameanza. Nipeni hiyo simu."

Baba, yeye aliyeteleza kwanza, alirudi kitini. Nilimshikia Susu simu karibu na uso, akamkagua mwalimu.

"Mwambie mimi ni Nzilani na wewe ni Nzilani. Huyu mwanangu anatuheshimu sote wawili. Na huyu mwenye ndevu ni mume wangu."

Ndeti aliinamisha kichwa. Yvonne akatafsiri. Darasa lilicheka, ila Mwalimu Lin. Alizungumza kwa muda, uso umekaza.

"Anasema," Yvonne alisema, "kwao mtoto hapewi jina la mkubwa wake. Ni kumvunjia heshima. Anauliza, mtu akimkemea mtoto, si atakuwa anamkemea nyanya?"

"Ndiyo maana wewe hukuchapwa," Susu alisema. "Mwambie."

Yvonne alimwambia. Sasa hakuwa na karatasi wala maneno ya kukariri. Alikwama, akarudi nyuma, akatafuta neno kwa mikono, akaendelea. Kila mwalimu alipouliza, alitugeukia, Susu akajibu, akageuka tena. Jasho lilimtoka puani kama anapura kweli.

"Anauliza kuhusu mume," alisema.

Susu aliweka fimbo mapajani. "Mwambie Ndeti wangu alikufa asubuhi, tukiwa tumegombana jana yake juu ya mbuzi. Maneno yangu yalikuwa hayajaisha. Nilikaa nayo miaka mitatu. Huyu alipozaliwa wakampa jina, nikamchukua mkononi, nikayamaliza. Alinisikiliza vizuri kuliko yule wa kwanza."

Ndeti alikuwa hajawahi kuisikia hiyo. Wala mimi. "Mbuzi yupi?" alinong'ona.

"Unajua vizuri ni yupi," Susu alimjibu.

Yvonne alichukua muda mrefu kuyasema hayo kwa Kichina. Alipomaliza, darasa halikucheka. Mwalimu Lin alikwenda ubaoni, akachora mshale mwekundu kutoka tawi la chini kabisa hadi la juu kabisa, kisha mwingine. Mti ulianza kufanana na mviringo wa mdomo wa kiondo, kikapu chetu cha kusuka. Akasema maneno machache bila kutugeukia.

"Anasema jina la nyanya yake halikutajwa nyumbani hata siku moja," Yvonne alitafsiri. "Alilijua alipolisoma kaburini."

"Pole," Susu alisema. "Mwambie amzalie mtu wa kulibeba."

Hilo sijui kama lilitafsiriwa. Simu ilikatika, dakika thelathini na tano zikiwa zimepita katika mtihani wa dakika ishirini.

Tulibaki pale tangini. Baba alizunguka tangi mara nne. Saa saba kasoro ujumbe ukaingia, nikausoma kwa sauti: themanini na moja. Alama za mti tulikuwa tumeziharibu sisi kwa majibu yetu, na alikatwa nyingine kwa kupitisha muda, lakini alama za kuzungumza bila kukariri zilijaa zote.

"Hizo zilizokatwa ni za Musyimi," Susu alisema, akimtaja Baba kwa jina. "Zangu zimejaa."

Jioni Wariara alipiga tena. Habari zilikuwa zimemfikia Cucu wake kule Kambu kupitia wateja wa matairi, na Cucu alikuwa amezima redio na kugoma kuongea na mtu yeyote. Alitaka kwanza aambiwe ni nani aliyemfungia ndani siku ya mtihani wake.

Nilipomaliza kumcheka nilimkuta Susu jikoni, ameketi, akihesabu miezi kwenye vidole. Alirudia kidole cha mwisho mara mbili.

"Mwaka mzima," alisema.

"Utapita haraka, Susu."

"Mimi najua kukaa." Alinyoosha kikombe nimwongezee chai. "Lakini mpigie, umwambie asizoee pilipili ya huko. Tumbo langu haliwezi."