Pumzi za Duara Namba Nne

Saa nne asubuhi, Nesi Blandina alikuwa akimpima mtoto uzito kwenye zahanati, nje kidogo ya Chunya, wanaume watano walipoanza kuongea juu ya paa. Alisoma mzani, akaandika kilo sita na nusu kwenye kadi, ndipo akatoka kutazama. Juu hapakuwa na mtu. Palikuwa na bomba jeusi la jokofu tu.

Jokofu lile halikutumia umeme wala gesi. Fundi Lutengano alilileta kutoka Iyunga, akajaza bombani chenga za mkaa alionunua palepale kijijini. Jua likipiga, mkaa unaachia mvuke; jua likizama, unapoa na kuufyonza tena, na sanduku la chini linaganda barafu. Chanjo hazikuwahi kuharibika.

Blandina alimpigia fundi simu.

"Bomba linaongea."

"Linavuja?"

"Halivuji. Linasema tupo watano, leteni maji."

Mkaa ule, alisema Lutengano, ulitokana na magogo yaliyoegemeza kuta za duara namba nne. "Mkaa unafyonza chochote, sista. Na pumzi pia."

Duara namba nne lilikuwa shimo la dhahabu la mzee Liberatus, lililotitia mwaka juzi. Mzee aliapa kwamba vijana watano waliokuwamo walikufa papo hapo. Siku ya tatu aling'oa magogo ya juu yasipotee, akayauza kwa wachoma mkaa, akalifukia shimo kwa greda.

Kesho yake alikuja Mama Asukile, mama wa mmoja wa wale watano, akakaa kwenye benchi la wazazi. Sauti ya mwanawe ilikuwa ya tatu kusikika.

"Wanang'oa magogo," ilisema. "Piga kelele, Isaka, wapo hapo juu."

Kisha humo bombani greda likanguruma, na maneno yakaanza upya. Jioni mkaa ulipopoa, sauti zilirudi ndani katikati ya neno.

Askari alikuja na pikipiki. Alisikiliza mpaka mwisho, akaandika kurasa tatu za maelezo, akawaomba mashahidi waliomo bombani wasaini. Alisubiri hadi jua likazama. Jalada lilifungwa kwa kukosa saini.

Mwisho wa wiki Lutengano alifika na spana.

"Nikifungua, watatoka waende zao," alisema. "Ila jokofu litakufa, na jingine halipatikani mwaka huu."

Watoto mia moja na kumi walikuwa wakisubiri chanjo ya surua. Blandina alimgeukia Mama Asukile.

"Mama, wewe ndiye wa kusema."

Mama Asukile alilitazama bomba.

"Humo ndani kuna baridi?"

"Usiku kuna baridi sana, mama."

Alifunga upya kitenge chake. "Basi waache wafanye kazi. Mimi nitakuwa nakuja."

Mwezi wa nne mzee Liberatus alileta mjukuu wake. Watu walimwamkia, naye akakaa kwenye foleni kama wengine. Zamu yake ilipofika, juu ya paa sauti ya Asukile ilikuwa imefika kwenye maneno ya magogo. Blandina alitoa kichupa chenye umande, akavuta dawa. Mzee alimshika mtoto mkono barabara asijitikise.

"Pole, mjukuu wangu," alisema, akipaza sauti kidogo kulishinda greda. "Imeshaisha."

"Umrudishe baada ya miezi tisa," alisema Blandina.

"Nitamrudisha, sista. Asante."

Mlango ulikuwa mwembamba. Mama Asukile, kwenye benchi lake kando ya mlango, alikunja miguu yake, mzee akapita na mtoto.