Mkanda wa Gari Jeupe

"Achia!"

Dobi akafungua vidole, na shuka lililokuwa limesokotwa kama kamba likajikunjua kati yake na mkewe, maji yakawamwagikia miguuni. Ndivyo walivyofanya kazi tangu waoane. Kila mmoja anashika ncha yake, huyu anasokota kulia, yule kushoto, na Mama Pacha ndiye anayejua lini limetosha. Mashuka ya nyumba ya wageni yalikuwa yamezeeka kuliko baadhi ya wageni wenyewe. Ukizidisha kukamua linachanika, na likichanika unakatwa kwenye malipo. Siku moja Dobi alichelewa kuachia kwa sababu alikuwa anasimulia habari za mpira, shuka likapasuka katikati. Mkewe alimnunia mpaka akajuta kuujua mpira. Tangu hapo akisikia neno "Achia", vidole hufunguka vyenyewe, hata kama mdomo bado unabishana.

Yeye ndiye watu waliyemwita Dobi, ingawa aliyefua hasa alikuwa mkewe. Dunia ina mambo yake.

"Anika haraka, mama," alisema. "Mnada haumsubiri mtu."

Mvua ndiyo iliyowatia kwenye habari za mnada. Iliwakuta njiani, na mkokoteni mzima wa mashuka masafi ukafika kwa meneja umelowa chapachapa. Meneja hakugomba. Alisema tu kwamba mwezi ukiisha, mashuka yake yatabebwa kwa gari, au yatabebwa na dobi mwingine. Gari jipya hawakuliwaza hata ndotoni, na magari ya mtumba nayo bei ilikuwa imepaa. Ndipo shemeji yao akawaelekeza kwenye yadi ya bima, kunakouzwa magari yaliyopata ajali. Wakakusanya akiba yote, wakauza na cherehani ya Mama Pacha. Fedha aliifunga kiunoni mwenyewe, maana mumewe akiona kitu kinauzwa hushikwa na homa.

Getini walilipa kiingilio kisichorudishwa, wakapewa kibao chenye namba. Msimamizi wa yadi, bwana mnene mwenye filimbi shingoni, aliwatangazia wanunuzi masharti kwa sauti ya mtu aliyechoka nayo.

"Kuwasha gari hairuhusiwi. Kufungua boneti hairuhusiwi. Kulala chini ya gari hairuhusiwi. Gari linauzwa lilivyo. Ukishinda unaweka amana papo hapo; ukilikataa, amana yako imekwenda."

"Sasa tunaangalia nini?" aliuliza Mama Pacha.

"Rangi," alijibu mwenye filimbi, wala hakuwa anatania.

Gari waliloliona wote wawili kwa pamoja lilikuwa jeupe, dogo, lenye nafasi kubwa nyuma. Taa moja ya nyuma ilikuwa imevunjika na bampa limebonyea. Kwingine kote liling'aa. Dobi alilizunguka taratibu, akalipapasa ubavuni, na mkewe akaona kabisa kwamba homa imeshapanda.

Dalali mmoja aliyeitwa Asali kwa utamu wa ulimi wake alijitokeza, hata hakuitwa.

"Baba, una jicho! Hili lilikuwa la mama mmoja mtu mzima, safari yake nyumbani na sokoni, basi. Kagongwa mgongoni kidogo. Badilisha taa, umemaliza."

"Umesikia, Mama Pacha? Taa tu!"

"Nimesikia. Nani kasema, gari?"

"Wewe nawe. Hapa watu wananyang'anyana. Mimi nawahi kiti cha mbele kwa mnadi."

Akaondoka na kibao chake. Mama Pacha akaingia akakaa kiti cha abiria, apate walau kuonja wanachokwenda kununua. Ndani mlinukia manukato makali, kama bwana harusi aliyejimwagia chupa nzima. Alitaka sana kulipenda lile gari. Aliwaza mvua ikinyesha juu ya bati lake na mashuka yamelala nyuma makavu, na moyo ukamlainika.

Akaona mkanda wa kiti una uchafu kidogo karibu na bizimu. Mama Pacha na uchafu hawakai chumba kimoja. Akatoa kitambaa chake cha begani, akaanza kufuta huku akiuvuta mkanda. Ukatoka msafi. Akavuta tena. Ukaanza kukwaruza vidole. Akauvuta mpaka mwisho, na pale penye ncha ambayo siku zote hujificha ndani ya nguzo ya mlango, pakatokea tope lililokauka, rangi ya kahawia, lenye ukingo mkali kama ule ambao maji huacha kwenye kitambaa yakikaukia humo.

Gari likigongwa mgongoni huvunjika taa. Halinywi maji.

Akatoka, akafungua mlango wa gari la jirani, akavuta mkanda. Tope. La tatu vilevile. Mstari mzima ulikuwa umezama mahali fulani, ukakaushwa, ukapakwa manukato na kupangwa juani. Filimbi ikalia, na wote wakaamriwa kurudi nyuma ya kamba.

Dobi alikuwa benchi la mbele kabisa, kibao kimeinuliwa. Mnadi alikuwa ameshaanza na gari jeupe, na bei ilikuwa inapanda kati ya Dobi na kijana mmoja mwenye fulana ya bluu.

"Niruhusu nipite kwa mume wangu," Mama Pacha alimwambia mwenye filimbi.

"Mbele ni wenye vibao peke yao."

"Gari limezama hilo!"

"Mama, usivuruge mnada."

Akamwita mumewe kwa jina la watoto, sauti ikamezwa na kipaza sauti. Dobi hakugeuka. Mnadi alikuwa anamwonyesha kidole, nyundo iko juu, amesema mara ya kwanza, amesema mara ya pili. Mama Pacha akahisi fedha inamchoma kiunoni. Akavuta pumzi, akapiga ukelele wa uwanjani kwao, ule wa kushindana na maji ya bomba.

"Achia!"

Kibao kikaanguka. Dobi mwenyewe aliutazama mkono wake mtupu kwa mshangao, akainama kukitafuta chini ya benchi. Kijana wa fulana ya bluu akainua chake. Nyundo ikagonga.

Dobi alikuja mbio, macho mekundu. "Umenifanya nini? Mbele za watu!"

Mkewe akampa kitambaa chenye tope la mkanda. Dobi akalisugua lile tope kwa kidole gumba, akalinusa, na mtu aliyeishi na nguo chafu maisha yake yote hahitaji kuelezwa zaidi. Akakaa chini palepale mchangani, akaanza kucheka.

"Mama Pacha, tungeuziwa mbuzi kwenye gunia."

"Mbuzi aliyekufa maji," alisema mkewe, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akaipapasa fedha kiunoni. Ilikuwapo yote, kasoro kiingilio. Kwa muda mrefu hakuwa amefurahi hivyo kwa kukosa kitu.

Kicheko kilikatika aliposimama mbele yao yule kijana wa fulana ya bluu. Alikuwa ameyasikia. Kazi yake ilikuwa kubeba watoto wa chekechea.

"Ni kweli, mama? Limezama?"

Mama Pacha akamwonyesha kitambaa, kisha akamwendea mwenye filimbi pamoja naye.

"Nyundo imegonga," alisema msimamizi. "Maji yakimwagika hayazoleki."

"Haya yamezoleka, baba. Yamo humo ndani ya mkanda."

"Mimi nilichoandikiwa ni taa. Kijana, lipa salio au acha amana."

Kijana alimgeukia Mama Pacha, bila hasira. "Ulimwambia mumeo aachie. Na mimi je?"

Aliyoyataka Mama Pacha kuyasema pale kwenye kamba yalikuwa mengi, lakini lililosikika lilikuwa neno moja, na lilikuwa la mtu mmoja.

Mnadi alikuwa amepumzika kunywa maji. Mama Pacha akarudi kwenye kamba. "Nimesahau kitu garini," alimwambia mwenye filimbi. "Haraka basi," akajibu, anafuta jasho. Dobi akamfuata mkewe bila kuuliza.

Wakasimama huyu upande huu, yule upande ule, kama wako na shuka. "Vuta," alisema Mama Pacha. "Mpaka mwisho. Sasa funga mlango." Mkanda ukabaki unaning'inia nje, ncha yake ya tope juani. Wakaenda gari la pili, la tatu, mpaka mwisho wa mstari. Filimbi ilipoanza kulia walikuwa wameshamaliza, na watu walikuwa wameshasogea kutazama.

Waliondolewa getini kwa kusukumwa. Nyuma yao wakasikia mnadi akitaja bei ya gari linalofuata. Akaitaja tena. Akaishusha, akaitaja tena.

"Tutafute turubai," alisema Dobi. "La mkokoteni. Mashuka yakifika makavu, labda meneja atakubali."

"Tutafute," alisema mkewe, wakasimama kidogo kusikiliza nyundo ambayo ilikuwa bado haijagonga.