Makunyanzi ya Eno Dufie

Mimi kazi yangu ni kufuta makunyanzi ya marehemu. Hapa Bekwai, Ghana, hakuna anayezikwa bila bango lenye picha yake, na hakuna bango linalobandikwa bila kupita mikononi mwangu. Nimewapunguzia watu miaka mpaka wengine wamezikwa wabichi kuliko wajukuu zao. Nikimaliza picha za wafu, narudi kwenye mwezi wangu.

Nasema wangu kwa sababu sijaona mwingine Bekwai anayeutaka. Si huu wa juu ya paa lako. Ni mmoja wa miezi ya Mshtarii, ile sayari kubwa kuliko zote, nao umefunikwa na barafu tupu, imepasukapasuka kama kisigino. Chombo cha angani kilipita huko zaidi ya miaka ishirini na tano iliyopita, kikapiga picha, na Wamarekani wakaziweka kwenye hifadhi yao mtandaoni, anayetaka achukue. Ni nyeusi na nyeupe, tatu tatu za sehemu ileile, zimejaa vitone, nyingine zimekatika katikati. Tuko wachache duniani tunaozisafisha na kuzipanga moja juu ya nyingine mpaka rangi itoke, na hatulipwi hata sahani ya fufu. Ufa mmoja tu ulinichukua miezi mitatu. Mke wangu anasema angejua angeolewa na mlevi, maana mlevi angalau hurudi nyumbani.

Basi Eno Dufie akafa. Alikuwa na miaka sabini na nne, na kamera alikuwa anaikimbia kama nyoka. Picha yake ilikuwa moja tu, ya kitambulisho, aliyopigwa akiwa na thelathini. Walioileta studio ni kaka yake, Opanin Duodu, mkuu wa ukoo, pamoja na binti wa pekee wa marehemu, Serwaa, aliyemuuguza mpaka mwisho.

"Andika mia na sita," Opanin akaniambia.

"Mia na sita nini?"

"Miaka. Na sura ifanane nayo. Wale wa ng'ambo ya barabara wamezika wa mia na nne. Tushindwe na watu wale?"

Serwaa akasema taratibu, "Mjomba, mimi nina arobaini na moja. Mama alinizaa akiwa na sitini na tano?"

"Ukoo wetu una nguvu."

"Na wewe si ndiye kaka yake mkubwa? Una sabini na sita."

"Mimi nilichelewa kuzaliwa," Opanin akasema, wala hakucheka.

Serwaa akanigeukia mimi. Shida yake haikuwa hesabu. Kwetu mtu akipita mia haliliwi. Watu wanavaa nyeupe, wanacheza, na anayetoa chozi anaambiwa anaharibu sherehe.

"Kaka Nyarko, mimi nataka kumlilia mama yangu," akasema. "Nataka niione sura yake, nimlilie. Basi."

Opanin alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha wateja na kunyoosha miguu, na bango analilipia yeye.

Sasa mimi, miaka ishirini ya kufuta, kunyanzi la kuongeza nilitoe wapi? Nikajaribu kuchora kwa mkono, Eno akatoka kama mtu aliyeangukia waya wa banda la kuku. Siku mbili nimehangaika. Siku ya tatu nikauangalia mwezi wangu kwenye skrini, nyufa zile safi, nilizozisafisha mwenyewe. Nikajiambia, Nyarko, usifanye. Nikafanya. Nikakata barafu, nikailaza kwenye paji la uso, nyingine mashavuni, nyingine pembeni ya macho na ya mdomo, nikaitia rangi ya ngozi.

Ukoo ulipokuja kuangalia, nilitegemea kipigo. Wakalisogelea bango. Kisha mmoja akasema, "Ni yeye mwenyewe." Wakaanza kuyatambua makunyanzi. Lile la kwenye jicho alilipata mwaka wa njaa. Lile la shavuni lilitokana na kumcheka Opanin alipotumbukia kwenye pipa la mawese. Opanin akakataa katakata, akasema hilo ni la hasira, la siku yeye alipomnyima dada yake shamba la kakao. Wakabishana karibu nusu saa juu ya ufa wenye urefu wa kutoka hapa mpaka Accra na kurudi.

Serwaa peke yake hakuwa anaangalia bango. Alikuwa anaangalia kompyuta yangu, ambako nilisahau kuufunga mwezi. Anaangalia huku, anaangalia kule. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mjomba," akasema, "hilo paji la mama limetoka pale."

Nikaungama yote. Opanin akasogea mpaka kwenye skrini, akainama, pua karibu iguse barafu.

"Hii picha ya mwezi ilipigwa lini?"

"Tisini na nane, mzee."

Akawageukia wenzake. "Tisini na nane Dufie alikuwa anakaribia themanini. Keshakunjamana kitambo. Sasa nani kamwiga nani?"

Wakapiga makofi. Wakataka niandike kwenye bango kwamba hata mwezi ulimwiga, na niliandika, chini ya orodha ya wajukuu wa ukoo.

Mazishi yakafanyika Jumamosi. Nyeupe tupu, ngoma tupu. Serwaa alisimama mbele ya bango, macho makavu. Mara mbili nilimwona anafungua mdomo, na mara mbili shangazi mmoja akamshika mkono: "Mia na sita, mwanangu. Cheka." Nilikula chakula chao sikusikia ladha.

Jumatatu asubuhi akaja studio peke yake, akavuta kiti.

"Kaka Nyarko, yatoe."

"Yote?"

"Yote. Nirudishie mama yangu."

Nikaanza na paji. Kila nilipofuta moja, alishusha pumzi. Saa sita nikafuta la mwisho, pale pembeni ya mdomo, akabaki mwanamke wa miaka thelathini, ngozi laini, amemkodolea macho mpiga picha kwa hasira. Serwaa alikuwa bado hajazaliwa.

Akasogeza kiti karibu na skrini. Mwanamke yule wa pichani alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na mmoja.

"Huyu simjui," akasema. "Hajawahi kunibeba. Hata jina langu halijui."

"Lakini ndiyo picha yake ya kweli."

"Najua. Yarudishe."

"Serwaa, yale ni barafu. Si ya mama yako."

"Yarudishe, kaka."

Nikayarudisha polepole, moja moja. Nilipofika la mdomoni akaegemea meza yangu akaanza kulia, kwa sauti, kile kilio walichomnyima Jumamosi. Nje watu walikuwa wanapita, wengine wakachungulia. Nikaenda kufunga mlango, nikarudi kukaa, nikaendelea na jicho la kushoto.