Mukimo wa Kocha Aliyefutwa

Mama, kama mwanao ameingia kazi ya ukocha, usimwombee mtoto wa rafiki yako kazi hapo. Mumbi wa Columbia Heights, kule Marekani, aliomba, na haya ndiyo yaliyompata.

Mwanawe Alvin alikuwa kocha wa mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na kuangushana. Kwenye kazi hiyo, timu ikishindwa kocha anafutwa kazi, na wasaidizi wake wanaondoka naye. Mumbi hakulijua hilo. Alvin alipofutwa mara ya kwanza, mama yake alimwuliza ameiba nini.

"Sijaiba, Mum. Tulishindwa mechi."

"Watu hawafutwi kwa kushindwa. Sema ukweli nikuombee."

Wamama wa kanisa walikuja kutoa pole kana kwamba kuna msiba. Aliyetangulia ni Chepkemoi, rafiki yake wa kazini kwenye nyumba ya wazee, na sufuria ya wali na kuku. Mumbi aliirudisha na ndizi ndani, maana kwao chombo hakirudi kitupu. Alvin akafutwa tena, na tena. Sufuria zikaenda zikarudi mpaka wakasahau ya nani ni ipi.

Kisha chuo kimoja cha Saint Paul kikamchukua, na timu ikashinda. Wakati huo Brandon, mwana wa Chepkemoi, alikuwa amekaa tu nyumbani. Mumbi akapiga simu.

"Mshike mkono mwenzako. Alicheza huo mpira shuleni."

"Mum, alikaa benchi."

"Basi aliuona vizuri."

Brandon akawa kocha msaidizi. Chepkemoi akaleta keki.

Mwaka uliofuata Alvin akapandishwa cheo, akawa mkurugenzi wa michezo, na ofisi yenye kapeti. Mumbi alisimama kanisani kumshukuru Mungu kwamba mtoto wake sasa hafutwi, yeye ndiye anayefuta. Watu wakasema amina. Ya Chepkemoi ilisikika kuliko zote.

Timu ikashindwa. Alvin akamfuta kocha mkuu aliyeshika nafasi yake, na wasaidizi wakaondoka naye, Brandon akiwemo.

"Hungemwacha huyo mmoja?"

"Kocha mpya anakuja na watu wake, Mum. Hata mimi nilifutwa hivyo. Ukaniuliza nimeiba nini."

Mumbi akapika mukimo, viazi vya kupondwa na mahindi na majani ya maboga, akaifunga sufuria mkanda kwenye kiti cha abiria, akaendesha hadi kwa Chepkemoi. Alijua ikirudi na chochote ndani, hata kitunguu, urafiki bado upo.

"Nimekuja kukupa pole," alisema mlangoni. "Nimesikia Brandon amefutwa."

"Umesikia kwa nani?"

Mumbi aliisogeza sufuria mbele. "Kwa aliyemfuta."

"Msalimie."

Chepkemoi aliipokea sufuria kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akafunga mlango.

Jumapili, pale kanisani watu wanapoegesha magari, Brandon aliirudisha. Mumbi alimwuliza kama mama yake hajambo. Hajambo. Mumbi akaingia kwenye gari, akafunga mlango, ndipo akafunua.

Ndani hamkuwa na kitu. Ilikuwa imesuguliwa mpaka masizi ya miaka yote yametoka.