Ulimi wa Kikopey

Naitwa Rahab, na sina aibu kusema kwamba kazi yangu ni kuuliza watu maswali. Pale Bahati, nje kidogo ya Nakuru, kwenye nyumba ya zamani ya mzungu aliyelima pareto, tuna kituo cha utafiti wa tiba ya familia, na hakuna daktari anayemgusa mgonjwa kabla mimi sijamaliza naye. Dakika ishirini. Simuulizi kinachomuuma. Namuuliza anaamka saa ngapi, anaishi na nani, anaogopa nini, nini humchekesha. Nayaandika yote kwenye ukurasa mmoja, daktari anamsomea mgonjwa kwa sauti, na mgonjwa asiposema "ndiyo, huyo ni mimi", matibabu hayaanzi. Watu wa hospitali kubwa hutucheka, ati sisi tunapiga soga. Wacha wacheke. Wagonjwa wao wanakuja kwetu.

Basi mwaka jana akaja mwanamume anaitwa Kipngeno, mchoma nyama kutoka Kikopey, kule kwenye bucha za nyama choma kando ya barabara kuu, presha yake mia moja tisini na nane. Baba yake alianguka akiwa na miaka hamsini na moja, akafa. Kaka yake naye vilevile, umri uleule. Kipngeno alikuwa ametimiza hamsini juzi tu. Aliniambia hayo akiangalia dirishani, kwa sauti ya mtu anayetaja tarehe ya kesi yake mahakamani. Nilimhurumia, haki ya Mungu, ingawa sikumwonyesha.

Miezi minne tulihangaika naye. Daktari Simran, mtoto wa hapa hapa Nakuru anayejua Kiswahili cha soko kunishinda, alimpa dawa moja, akaongeza ya pili, akaongeza ya tatu. Presha ikakataa kushuka. Tukahesabu vidonge vilivyobaki: alikuwa anameza vyote. Nikamuuliza kama anakula chumvi, akasema hali. Mkewe, Chepchirchir, akaapa kwamba tangu walipoambiwa, chakula cha mzee anakipika peke yake bila hata punje moja. Lewis, anayetutunzia takwimu kwenye kompyuta, akaanza kusema kwamba mzee anatudanganya mchana kweupe na ukurasa wangu ni hadithi za chai. Nilimwambia ashike adabu yake. Lakini moyoni nilikuwa nimeanza kumwamini Lewis, na hilo liliniuma.

Mwishowe Daktari Simran akamwambia Kipngeno ukweli. Hali isipobadilika kufikia mwisho wa mwezi, atamwandikia barua aachishwe kazi ya jikoni kabisa. Halafu, kwa kuwa sisi tukikwama huwa tunarudi mwanzo, akamsomea tena ule ukurasa wangu. Mara ya kwanza Kipngeno alikuwa ameitikia. Safari hii alisikiliza mpaka mwisho, akachukua kofia yake.

"Huyo si mimi," akasema, akatoka.

Nilichemka. Miaka sita kwenye kiti kile, na hakuna mtu amewahi kuukana ukurasa wangu. Nilimuuliza Chepchirchir, aliyekuwa amekuja naye, maana yake nini, akasema mumewe alikubali mara ya kwanza kwa heshima tu, kwa sababu huwezi kumkosoa mama wa watu siku mliyojuana. Nikasema sawa, kama hataki kuniambia, nitakwenda kujionea.

Jumatatu nikawa Kikopey kabla ya saa tano. Nikaketi kwenye benchi, nikaagiza supu, nikatazama. Kumbe yule mtu hachomi nyama hata kidogo. Kuchoma ni kazi ya vijana. Yeye anatembea. Anaitwa kwenye jiko hili, anakatiwa kipande, anakichovya kwenye maji ya chumvi, anatafuna, anasema "bado". Anaitwa kwenye sufuria ile, anapewa kijiko cha supu, anasema "toa". Bucha saba zinamgojea, na hakuna sahani inayofika mezani kabla hajasema neno. Wateja kutoka Nairobi wanamjua kwa jina. Mpaka saa nane nilikuwa nimehesabu mara arobaini na tatu. Wahenga walisema mwonja asali haonji mara moja, lakini hapa ilikuwa imepita kiasi.

Nilimwita nikamwambia alinidanganya.

"Sikukudanganya, mama," akasema, bila hasira. "Kuonja si kula. Kula ni kuketi. Na wewe uliandika mchoma nyama. Hapa wachoma nyama ni mia. Mimi ndiye ulimi wao."

Ngai, nilijiona mjinga. Wanasema kuuliza si ujinga. Kweli, lakini mimi nilikuwa nimemuuliza "unakula chumvi?" nikaridhika, na sikuwahi kumwambia anipitishe siku yake ya kazi, kipande kwa kipande. Kilichokuwa kinamuua na kile anachojivunia vilikuwa mdomoni mwake pamoja, na mimi sikuwa nimeandika hata kimoja. Nilirudi Bahati nikayasema mbele ya wote, Lewis akiwemo, kwamba kosa ni langu.

Tukawaita, yeye na mkewe. Daktari Simran akamweleza kwa upole kwamba lazima aache kuonja. Kipngeno akasimama, akasema basi barua iandikwe, maana Kikopey bila kuonja atakuwa anasimama tu kama mlingoti. Hapo Chepchirchir, ambaye miezi yote hiyo alikuwa akijibu habari za vidonge tu, akafungua kinywa.

"Kwangu hajawahi kuonja," akasema, "na hajawahi kukosea."

Akatueleza. Kwao mwanamume wa rika lake hakanyagi jikoni mwa mkewe. Anaketi nje. Na kwa miaka ishirini na miwili, sufuria ikiwa bado motoni, sauti imekuwa ikitoka kwenye kile kiti: chumvi imezidi, chumvi haijafika. Lewis akacheka, akasema chumvi haina harufu. Chepchirchir akamwambia aachane na chumvi, mzee anasoma mvuke wa supu.

Basi sisi ni kituo cha utafiti au si kituo? Tulipika bakuli sita za supu ya mbuzi, na chumvi akaitia Lewis peke yake mlango umefungwa. Kipngeno akapita juu ya kila bakuli, mikono nyuma. Tano akazipata sawasawa. Ya sita akakunja uso, akasema hii mmeiharibu kwa unga wa mchuzi wa dukani. Lewis akakiri kwamba alitaka kumtega. Tangu siku hiyo sijasikia tena habari za hadithi za chai.

Kipngeno akarudi Kikopey, sasa akinusa tu bila kuonja, na bucha zilimcheka wiki ya kwanza. Wiki ya tatu wateja walikuwa wanaacha meza zao kwenda kumtazama akiinama juu ya sufuria. Daktari Simran alipunguza dawa moja, kisha ya pili, na mwaka huu mwezi wa Machi alimpima mara mbili kwa sababu hakuamini: mia moja thelathini na sita. Kipngeno alikuwa na miaka hamsini na moja na wiki tatu. Hakucheka. Aliomba mkewe aitwe kutoka nje, ili yeye apimwe mara ya tatu mkewe akiona. Nilitamba kituo kizima siku ile, na sitaomba msamaha.

Daktari akamwambia kwamba sasa anaweza kuruhusiwa kijiko kimoja kwa wiki, kimoja tu. Macho yake yakang'aa, akaanza kupanga: Jumamosi, mbuzi wa kwanza, ile bucha ya kona.

"Hicho kijiko ni changu," Chepchirchir akasema. "Miaka ishirini na miwili unanihukumu ukiwa kwenye kiti. Utaingia jikoni, uonje."

Kipngeno alitutazama mmoja mmoja, na hakuna aliyemsaidia.

"Jumapili, basi," akamwambia. "Nitaingia."